RAM ya Mama Ramani

Kompyuta ya Mama Ramani iliganda mbele za watu, tena wale wale ambao hakutaka kabisa wamwone akihangaika. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya Injinia, laptop yake juu ya meza ya kioo, wachoraji watatu vijana wamesimama nyuma yake, na Injinia mwenyewe ameegemea mlango na kikombe cha chai mkononi. Alitakiwa aizungushe zahanati aliyoichora kwenye skrini ili waione kwa upande wa nyuma. Akabofya. Zahanati ikageuka nusu, ikakwama, ukuta mmoja ukabaki unaning'inia hewani bila nyumba. Kale kaduara ka kusubirisha watu kakaanza kuzunguka.

"Inafunguka," alisema.

Wakasubiri. Injinia akanywa chai yake mpaka ikaisha. Kijana mmoja akatoka kupokea simu, akaongea, akarudi, akakuta kaduara bado kanazunguka na ukuta bado uko hewani.

"Mama, samahani, hii ina RAM ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nne."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Vijana wale walikuwa na adabu zao. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akajifanya anasoma tangazo ukutani. Laiti wangecheka, naye angepata mahali pa kukasirikia.

"Sikiliza, mama," Injinia alisema. "Mchoro wako wa mistari nimeuona, sina neno. Mkono unao. Lakini wenye zahanati yao hawajui kusoma mistari. Wanataka kuliona jengo, walizunguke, waingie ndani kama wanaingia kweli. Ijumaa kabla ya saa sita mchana niwe nalo. Mashine yako itaweza?"

"Itaweza," alijibu haraka mno.

"Kama haiwezi niambie leo nimpe mwingine. Ukiileta, michoro yangu yote ya mwaka huu naileta kwako. Usipoileta, basi tutakuwa tunasalimiana tu barabarani."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja ratiba. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mama Ramani akaifunga laptop ikiwa bado imeganda, akaipakata, akaaga. Tangu ofisi alimokuwa akichora ifungwe, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwita hata kwa majaribio, na nyumba nzima ilikuwa imeegemea gereji ya mume wake.

Jioni, wakila, aliwasimulia. Alikuwa mkweli kwa vitu vingi ila alikiruka kile kipande cha kusema "itaweza."

"Hiyo RAM ndiyo mnyama gani?" aliuliza mama mkwe wake, ambaye majirani walimwita Bibi hata siku ambazo wajukuu wako shule ya bweni.

"Ni kama meza ya kupikia, Mama. Ukiwa na meza kubwa unapanga vitunguu huku, nyanya kule, sufuria pale, unapika kwa raha. Ukiwa na kistuli, kila ukitaka kukata kitunguu sharti sufuria uishushe chini. Basi laptop yangu inapikia kwenye kistuli."

"Sasa si uiongezee meza?"

"Nitaiongezea nikilipwa."

"Utalipwa lini?" aliuliza mume wake.

"Nikishapeleka kazi."

"Na kazi utaipelekaje bila hiyo meza?"

Mama Ramani akaendelea kula. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Spana, alitafuna polepole, akameza, akauliza swali moja tu la mwisho.

"Hiyo RAM, ni spea?"

"Ni spea, ndiyo."

"Inafunguliwa kwa bisibisi?"

"Nadhani."

Spana akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. Mkewe angemtazama usoni wakati ule angeogopa. Lakini alikuwa anatazama sahani.

*

Gereji ya Spana ina sheria moja isiyovunjwa: ukitaka spea, nenda na ile ya zamani. Usiende na jina, usiende na picha, usiende na maneno ya jirani. Ing'oe, ifute, iweke mfukoni, ikagongane na mwenzake juu ya meza ya muuzaji. Kwa sheria hiyo Spana alikuwa hajawahi kurudi na kitu kisichoingia, na mtu ambaye hajawahi kukosea kwa jambo moja hujiona hawezi kukosea kwa jingine.

Alhamisi asubuhi Mama Ramani alikwenda kwenye kiwanja cha zahanati kupima upya ukuta mmoja uliokuwa unamtia shaka. Alipokata kona tu, Spana aliigeuza laptop kifudifudi juu ya meza ya kulia, akavaa miwani, akachagua bisibisi ndogo kuliko zote alizonazo.

"Baba, mwenyewe anajua?" aliuliza Bibi.

"Nataka kumshtukiza, Mama. Nishikie hizi skrubu."

Bibi akazipokea kwenye kisahani, akakishika kwa mikono miwili, fimbo yake ameibana kwapani. Kifuniko kikaachia. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka na nafasi mbili za RAM zilizolala pamoja. Moja ilikuwa na kibao cha kijani, nyingine tupu. Spana alifurahi sana kuiona ile tupu. Hakuna kubadilisha, alijiambia, ni kuongeza tu. Alikuwa na hela aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya jeki mpya, maana jeki yake inavuja oili na magari anayategea magogo. RAM nyingine ya nne ingekula robo tu ya jeki.

Akakitoa kibao. Chini kilikuwa na safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu, na yale meno yalikuwa yamefifia. Mfukoni mwake, kama kila siku, kulikuwa na kipande cha msasa.

Lazima tumtendee haki. Ulikuwa msasa laini, ule wa maji, si ule wa mbao. Na kwa miaka yote hiyo, kitu chochote cha umeme kilichofifia kwenye gari, Spana alikipiga msasa kikaamka. Alisugua upande wa kwanza, akapuliza, akasugua upande wa pili. Meno yakawa meupe na kung'aa.

"Yamependeza," alisema Bibi.

"Si uliona yalivyokuwa?" alisema Spana, akakitia kibao kwenye mfuko wa ovaroli, akarudisha kifuniko bila skrubu, akaondoka anapiga mluzi.

*

Muuzaji alikuwa dada wa makamo mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Kibanda chake kilijaa laptop zilizotumbuliwa, na kwenye benchi walikaa wateja wawili wakisubiri zao. Spana akaweka kibao juu ya kaunta kwa mlio wa mtu anayejua taratibu za manunuzi.

"Shikamoo hatupeani, tuko sawa," dada alitania. "Karibu, kaka."

"Asante, dada. Nataka kama hii, mwenzake."

Dada akashusha kioo. Akakiinua kibao kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Kaka, hii imeliwa na nini?"

"Nimeisafisha."

"Kwa kutumia nini?"

"Msasa. Laini lakini."

Benchi zima likalipuka. Mteja mmoja alipiga mapaja, mwenzake akauliza kama alishaimwagia na oili. Spana alisimama pale na ovaroli lake, jasho likimtoka shingoni. Mtu aliyezoea kuwacheka wenye magari kwa kuchanganya breki na klachi alijikuta hana pa kuficha mikono.

Dada hakucheka, au alicheka kidogo tu kwa pua. Alikichomeka kibao kwenye laptop yake ya majaribio, akawasha. Taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Akakitoa, akakirudisha, akawasha tena. Nyeusi vile vile.

"Haya meno yana ngozi ya dhahabu nyembamba kuliko rangi ya kucha," alimweleza. "Ukishaichuna, imekwenda. Sisi tunafutia raba, ile ya kufutia penseli, taratibu. Pole, kaka. Hii sasa ni pambo."

"Ni ya mke wangu," alisema Spana. "Ana kazi ya kesho."

Sauti yake iliwanyamazisha hata wale wa benchi. Dada akavuta droo.

"Sasa tusipoteze muda. Hiyo laptop ina nafasi ngapi?"

"Mbili. Moja ilikuwa tupu."

"Vizuri umeangalia, wengi hawaangalii. Na vizuri umekuja nayo, nimesoma aina yake hapa kwenye karatasi iliyobandikwa. Ungenunua ya toleo la nyuma yake isingeingia, pengo lake liko mahali pengine." Akaweka vitu juu ya kaunta. "Nina mbili za nne, zilizotumika. Ukizichukua unapata nane. Nina moja ya nane, mpya. Nayo ni nane."

"Bei?"

Akamtajia. Mbili zilizotumika zingemwachia Spana nusu ya hela ya jeki. Mpya ingeimaliza yote.

"Ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningechukua moja. Zile mbili zitajaza nafasi zote, na siku mkeo akihitaji zaidi itabidi atoe na kutupa. Hii moja inaacha nafasi wazi. Mungu akijalia, unakuja unachukua pacha wake, anakuwa na kumi na sita. Lakini ni hela yako, kaka, mimi siisemei."

Spana alitazama kile kibao kipya, kidogo, hakijai kiganja, jeki nzima imekaa ndani yake. Akalipa.

Dada akamfundisha kuiweka: aguse chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, aishike kwa pembeni, aiingize kimshazari kisha aishushe mpaka vishikizo vibane. Akamfanya arudie mara mbili kwenye laptop ya majaribio. Alipomfungia kwenye bahasha, akainama juu ya kaunta.

"Kuhusu ile ya zamani, mwambie imejifia. RAM zinakufa, ni kitu cha kawaida. Kwa nini ugombane na mtu wako?"

Alisema kwa wema kabisa. Spana akashukuru, akaichukua bahasha, na kile kibao cha zamani akakitia mfuko mwingine.

*

Mama Ramani alikuwa amesharudi. Aliketi, akafungua laptop, akabonyeza. Taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Akachomoa waya, akachomeka, akasubiri, akabonyeza. Akaibeba mpaka dirishani kana kwamba ilihitaji hewa.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, si leo."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, macho kwenye fimbo.

"Mama, kuna mtu ameigusa hii?"

"Mumeo alikuwa anaitengeneza," alisema Bibi. "Mimi nilishika skrubu tu."

Mama Ramani akapiga simu ya mumewe. Ikaita ikakata. Akapiga tena. Aliufikiria mchoro wa majuma mawili, akamwona Injinia barabarani akimsalimia kwa heshima na kupita. Alikuwa hajalia ofisini, lakini sasa alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Bibi akawa anasema "pole mwanangu, pole mwanangu," bila kujua pole ya nini hasa.

Ndipo Spana akaingia. Alisimama mlangoni. Njia nzima alikuwa na sentensi mbili kichwani, na ile fupi ilikuwa tamu kweli kweli.

"Mchoro wako uko salama," alianza. "Nimeuliza. Haukai kwenye RAM. Lakini RAM yako nimeiua mimi. Niliipiga msasa."

"Uliipiga nini?"

"Msasa. Meno yalikuwa yamefifia, nikadhani naisaidia." Akakitoa kibao cha zamani, akakiweka mezani. "Ilikuwa nzima. Ni mimi."

Mama Ramani alikitazama kile kibao, kisha mikono ya mumewe.

"Kwa nini hukuniuliza? Maisha yangu yote ni hilo boksi, halafu wewe unalifungua kama kabureta! Mimi nimewahi kuja gereji nikashika gari lako hata moja? Nimewahi?"

"Hapana."

"Basi!"

"Nisamehe."

"Sasa hivi siwezi," alisema. "Nitengenezee kwanza."

Spana akagusa chuma cha bomba la maji, akageuza laptop, akatoa kifuniko, akaingiza kibao kipya kimshazari, akakishusha. Vishikizo vikabana. Akarudisha kifuniko, Bibi akileta skrubu moja moja kutoka kwenye kisahani chake. Walipowasha, skrini ilikaa nyeusi kidogo, kisha ikaonyesha mwanga. Mama Ramani akaingia pale panapoonyesha mambo ya mashine, akasoma: nane.

"Ahsante Mungu," alisema Bibi kwa sauti ya kuwasemea wote watatu.

Spana hakungoja ashukuriwe wala asemwe tena. Alikuwa na gari la mtu. Akatoka.

*

Mchana ule Mama Ramani alifanya kazi na mwili mzima. Alifunga kila kitu kisichohitajika na kuacha zahanati peke yake mezani. Alipobofya kuizungusha, ilizunguka. Hakuamini, akairudisha. Ikazunguka tena, polepole lakini bila kukwama, ukuta wa nyuma ukiwa umeshikana na nyumba yake. Alicheka peke yake kama mwendawazimu. Kwa majuma mawili alikuwa anachora jengo asiloweza kuliona.

"Mama, njoo uone."

Bibi akajikongoja, akashushwa kwenye kiti. Mkwe wake akampitisha getini, akamzungusha nyuma, akamrudisha mbele, akamsogeza mpaka mlangoni. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kana kwamba anatembea kweli.

"Simama hapo," alisema Bibi. "Hizo ni ngazi?"

"Ni ngazi nne tu, Mama."

"Basi mimi nimebaki nje."

Zile ngazi Mama Ramani alizichora yeye mwenyewe, akazipima, akazisifia kimoyomoyo. Kwenye mistari zilikuwa mistari. Sasa aliziona, na magoti ya Bibi yako pembeni yake. Akazipunguza upana, akavuta mteremko mrefu upande wa kushoto wenye kishikio cha chuma, akaupima, akaurekebisha usiwe mkali. Kisha akampandisha Bibi kwa mteremko ule mpaka ndani, akampeleka dirisha la dawa.

"Sasa nimefika," alisema Bibi. Kisha akaongeza, "Hela ya jeki yote imo humo, unajua?"

"Yote?"

"Yote. Aliniambia alipokuwa anafunga skrubu, wewe ulikuwa unanawa uso."

Mama Ramani akarudi kwenye skrini. Alikuwa bado na hasira, ila sasa ilimbidi aishikilie kwa nguvu isidondoke.

*

Ijumaa saa nne alikuwa kwenye meza ile ile ya kioo, na vijana wale wale nyuma yake. Alibofya. Zahanati ikazunguka. Akawaingiza getini, akawapandisha mteremko, akawapitisha kwenye chumba cha kujifungulia mpaka mlango wa nyuma. Hakuna aliyetazama viatu vyake.

"Ngoja," Injinia alisema. "Huu mteremko mimi sikuuomba."

"Aliuomba mama mkwe wangu. Jana nilimwingiza akakwama kwenye ngazi."

Injinia aliutazama kwa muda. "Mama yangu mimi anabebwa mgongoni kwenda kupimwa presha," alisema hatimaye. "Na hili ni jengo la tatu najenga, bado sijawahi kufikiria mteremko." Akageukia vijana. "Uacheni kama ulivyo. Mama, Jumatatu njoo uchukue kazi ya shule. Baada ya shule kuna nyingine."

Alitoka ofisini miguu ikiwa myepesi. Alitaka kumwambia kila mtu, muuza vocha, mwenye baiskeli, mwanamke asiyemjua aliyekuwa anafagia mbele ya duka. Alimshukuru Mungu kwa sauti barabarani na wala hakuona haya. Lakini hakuelekea nyumbani. Alielekea gereji, mahali ambapo huenda mara chache asichafue viatu kwa oili.

Miguu ya Spana ilikuwa inachomoza chini ya gari dogo jeupe. Akaigonga kwa ncha ya kiatu. Spana akajivuta nje, uso mweusi kwa oili, akamtazama kwa hofu kutoka chini.

"Wamekataa?"

"Wamechukua. Na kazi ya mwaka mzima wamenipa."

Spana alifumba macho palepale alipolala. "Ahsante Mungu," alisema. "Ahsante, ahsante." Kisha akainuka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasimama mbali kidogo naye asimchafue nguo.

"Nimekuja kukushukuru," Mama Ramani alisema.

"Mimi? Niliyekuharibia?"

"Ya RAM nakushukuru, na ya jeki Mama ameniambia. Lakini sikuja kwa hayo. Jana ulisimama mlangoni ukasema ni wewe. Ungesema imejifia yenyewe, ningekuamini. Nisingekuuliza hata swali moja."

Spana aligeuza kitambaa mkononi, akatafuta sehemu iliyo safi, hakuipata.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilishindwa."